Mbuzi wa Serikali

Nyumbani kwetu Bugarama kuna mbuzi ambaye haliwi, hauzwi, wala hatolewi mahari. Akiingia kwenye kibanda changu cha ushonaji akatafuna pindo la gauni la mteja, mimi ndiye ninayeomba radhi, yeye anaendelea na mizunguko yake. Wateja wageni hunishangaa. Wenyeji hucheka na kusema, "Mwache, huyo ni mbuzi wa serikali."

Aliyempa jina hilo ni mama mkwe wangu. Mimi nimezaliwa Kahama mjini, kwa wazazi wenye asili ya Tabora, na niliolewa kwenye ukoo wa Kisukuma nikidhani nimeolewa na mume peke yake. Kumbe nimeolewa na mama mkwe, na ng'ombe, na taratibu. Mama mkwe ana utaratibu wa kila jambo: wa kupokea mvua ya kwanza, wa kumwaga maji aliyoogeshewa mtoto mchanga, wa kumjibu mtu aliyekuita ukiwa chooni. Mimi si mvumilivu. Nimezoea cherehani: ukikanyaga inashona, ukiacha inasimama. Lakini kwa mama mkwe nimejifunza kunyamaza, kwa sababu kila tukibishana hushinda yeye, na akishashinda huniletea maziwa mgando, na hasira yangu yote hukosa mahali pa kukaa.

Habari ya mbuzi ilianzia kwenye taya la binti yangu. Alikuwa mdogo, hajamaliza hata mwaka wa kwanza wa shule, shavu lake la kushoto lilipovimba. Tulidhani ni jino. Jino likang'olewa, la jirani yake likalegea lenyewe, na uvimbe ukazidi kupanda hadi jicho likaanza kujifunga. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, alikuwa akirudi jioni mweupe kwa vumbi kama mtu aliyemwagiwa unga, anakaa karibu na mtoto bila kunawa, anamtazama tu.

Mama mkwe akambeba mjukuu wake hadi kijijini kwao, kwa nfumu, mganga wa jadi anayeaminiwa na ukoo mzima. Mimi nilinuna siku nzima. Lakini yule mzee alimtazama mtoto, akampapasa taya, kisha akasema neno ambalo mpaka leo namheshimu kwalo: "Ugonjwa huu si wangu. Mpelekeni Mwanza, na msilale njiani."

Mwanza, kwenye hospitali kubwa, ndipo tulipokutana na daktari wa watoto, mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito isiyofanana na mwili wake. Alituambia ni saratani. Niliposikia neno hilo nikakaa sakafuni, na yeye akaja akakaa sakafuni pamoja nami. Alisema kuna saratani za watoto zinazokua haraka sana, lakini hizohizo ndizo zinazoyeyuka haraka mtoto akiwahi dawa. "Na mmewahi," alisema. Nikamuuliza bei. Akasema dawa za watoto hawa zinalipiwa na serikali.

Mimi ni mtu wa biashara. Kitu cha bure hukigeuza mara mbili nione kimechanika wapi. Kila muuguzi alipopita na dripu nilijiandaa kuitwa dirishani kwa mhasibu, nikawa nimepanga hata maneno ya kujitetea. Hakuna aliyeniita. Sabuni tulinunua wenyewe, na chakula cha kuongezea, na nauli zilitukamua kwelikweli, lakini dawa zilikuja. Siku dawa mojawapo ilipochelewa, daktari alizunguka wodi nzima na simu sikioni, akigomba kwa sauti yake ile nzito mpaka watoto wakaacha kulia ili wamsikilize. Nilimpenda tangu siku hiyo. Nampenda mtu anayejua kugomba.

Uvimbe uliyeyuka kweli. Nywele nazo zikaondoka. Mama mkwe alipokuja kututembelea akakuta kichwa cha mjukuu wake kimekuwa kama yai, aliangua kilio mlangoni, kwa sababu kwao kichwa cha mtoto hakiwi vile isipokuwa kuna msiba. Ilibidi binti yangu mwenyewe amnyamazishe. "Bibi, mimi ndiye mgonjwa, na wala silii," alimwambia. Mama mkwe akavua kanga yake, akamfunga kichwani, akajipangusa uso kwa mkono.

Siku tuliporuhusiwa kurudi nyumbani, daktari alisema mtoto amepona, ila tutahitaji kumrudisha mara kwa mara. Hapo kwenye kurudi ndipo taratibu za mama mkwe zilipoingia.

Kwenye ukoo wao, mgonjwa akipona huenda kwa aliyemtibu akiwa na mbuzi jike. Mganga akiipokea kamba mkononi, watu wa mgonjwa husema wabeja, yaani asante, na jambo limefungwa. Kuanzia hapo mtu harudi tena kwenye mji ule kwa habari za ugonjwa ule. Kurudi ukiwa mzima ni kuuita ugonjwa kwa jina lake, nao una masikio. Mama mkwe alitufafanulia haya taratibu, kama anayewaeleza wageni njia, na miezi michache baadaye, tulipokwenda kwa kipimo cha kwanza, alitokea stendi na mbuzi mweupe mwenye baka jeusi kwenye shavu la kushoto. Alikuwa amezunguka minada miwili kulitafuta lile baka.

Mbuzi alisafiri kwenye buti la basi hadi Mwanza, akilalamika njia nzima. Mlinzi wa geti la hospitali akakataa asiingie, mama mkwe akakataa asibaki, na mimi nikajifanya sijuani na yeyote kati yao. Mwishowe daktari akaja mwenyewe getini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mganga wangu. Nimekuletea mbuzi wako. Nyoosha mkono."

Daktari akaitazama kamba, kisha akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Alieleza kwa heshima kwamba mtumishi wa serikali haruhusiwi kupokea zawadi ya mgonjwa. Tena, alisema, si yeye peke yake aliyemtibu mtoto. Serikali ndiyo iliyonunua dawa.

"Basi huyo serikali anakaa wapi nimpelekee?"

"Serikali ni sisi sote, bibi. Hata wewe umo."

"Mayu, mama yangu, mimi siwezi kujipa mbuzi wangu mwenyewe."

Mlinzi alicheka mpaka akashika geti. Daktari hakucheka. Alisema, "Bibi, ukitaka kunishukuru, mlete huyu mtoto kila mwaka nimwone."

"Kwa hiyo ugonjwa haujaisha?"

"Ugonjwa umeisha. Kazi yangu kwake ndiyo haijaisha."

Mama mkwe akaizungusha kamba kwenye kiganja chake, na tukarudi na mbuzi wetu Bugarama, kondakta akitoza nauli ya mbuzi yuleyule kwa mara ya pili na kututania kwamba hata Mwanza wamemkataa. Mimi niliona aibu. Mama mkwe hakuona. Kwake yeye mambo yalikuwa wazi: kamba haijapokewa, jambo halijafungwa, kwa hiyo mtoto lazima arudi alikotibiwa.

Ndiyo sababu tulirudi kila mwaka bila kukosa, wakati wenzetu wengi wakikosa. Nilikuwa nikifika pale kwenye benchi natafuta sura za akina mama tuliolala nao wodini, tuliochangia ndoo na sufuria, na kila mwaka nilizikuta chache zaidi. Nilipomuuliza daktari kama watoto wao wamekufa, alinijibu kwamba hajui, na hilo ndilo linalomnyima usingizi. Dawa zilizowaponya, alisema, ni kali. Mmojawapo wa watoto huweza kukua vizuri tu, anacheza, anasoma, kumbe moyo wake unachoka polepole. Mwingine masikio hupungua nguvu, mwingine hachelewi kukua bali hakui.

"Vitabu tulivyosomea vinaeleza watoto wa kwingine," aliniambia. "Wa kwetu wanakula ugali na michembe ya viazi, wanaugua malaria, wanachunga. Mioyo yao inakuwaje baadaye? Siwezi kukisia. Lazima niwaone."

Mwaka juzi alipoupima moyo wa binti yangu kwa ile mashine inayoonyesha picha, alirudia kipimo, kisha akasema moyo umeanza kuchoka kidogo. Kwa kuwa umeonekana mapema, alimpa vidonge, akasema apimwe kila baada ya miezi michache. Niliogopa, sikatai. Lakini niliogopa nikiwa na dawa mkononi, na hilo ni jambo tofauti kabisa na kuogopa mikono mitupu.

Kila baada ya miezi michache hadi Mwanza na kurudi si mchezo kwa fundi cherehani na mtu wa karasha. Kwa hiyo daktari aliponipigia simu kwamba serikali imetoa fedha za kuwafuatilia watoto waliopona saratani huku kwetu, kuwatibu na kujifunza kutoka kwao, na kwamba yeye na mashine yake watakuja kwenye hospitali ya wilaya iliyo karibu nasi, nilipiga vigelegele hapohapo kibandani. Mteja aliyekuwa akipimwa kiuno akapiga pamoja nami bila kujua sababu.

Siku ya kwanza ya kliniki ile tulikuwa watu wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Daktari alikaa na mashine yake mpaka mchana. Akaniambia ukweli: fedha zile ni za majaribio. Ataletwa mkubwa mmoja wa serikali kutoka Dodoma aje aone, na akikuta mabenchi matupu, fedha zitapelekwa kwenye mahitaji mengine, maana mahitaji hayajawahi kukosekana nchi hii. Sisi tutarudi kwenye basi la Mwanza. "Nyie mtakuja," alisema. "Hao wengine ndio nitakuwa nimewapoteza moja kwa moja."

Kumbe hata sisi hatukuwa wa uhakika. Jioni ile binti yangu, ambaye sasa ni msichana mrefu wa sekondari, anayejua kunijibu kwa nyusi tu, alitangaza kwamba hiyo ilikuwa mara ya mwisho. Wenzake shuleni wanamuuliza kwa nini mtu mwenye afya njema aende hospitali kila mara. Wanadhani ana ugonjwa wa kuficha. "Nimepona, mama. Mlisema wenyewe nimepona. Sasa nikatafute nini?" Nilimfokea. Akaniangalia, akaingia ndani. Usiku ule nilivunja sindano mbili za cherehani, na sindano hazikuwa na kosa.

Siku chache baadaye nilikutana sokoni na mmoja wa wale akina mama wa wodini. Mwanawe na binti yangu walikuwa wakigombania dirisha. Nilimkumbatia, nikamuuliza kijana yu wapi. Akasema yupo, ana nguvu, anabeba mawe kwenye karasha. Nikamwambia habari za kliniki, na uso wake ukajikunja.

"Hapana, dada. Sisi tulishamaliza. Nilimpeleka kanisani na mbuzi wake, tukashukuru mbele ya watu. Nikirudi tena hospitali na mtoto mzima, si ndiyo ninamwambia Mungu kwamba sikuamini?"

Nilitaka kugomba. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Lakini nilimtazama nikaona hofu, tena hofu ileile ya kwangu. Mtu aliyewahi kulala na mtoto wake wodi ile hataki hata kuota njia ya kurudi, na akipata mlango wa kuufunga, ataufunga na kuweka jiwe. Nikamnunulia mwanawe miwa, tukaagana kwa amani.

Nilipomsimulia mama mkwe, nilitarajia aseme yule mwanamke yuko sahihi, maana utaratibu ni wake yeye. Akanisikiliza huku anachambua kunde.

"Amekosea," alisema. "Mungu ameshampa mbuzi wake, vizuri. Lakini aliyenunua dawa ni nani? Si serikali? Serikali amempa nini?"

"Serikali haipokei mbuzi, mama. Wewe mwenyewe uliona."

"Basi ndiyo nasema. Haijapokea. Kwao wote haijapokea. Nani amewaambia wamemaliza?"

Mama mkwe hakusubiri jibu. Kesho yake alijifunga kanga, akaanza kuzunguka. Jumapili kanisani, Jumatano mnadani, kwenye foleni ya kisima, kwenye matanga. Alikuwa na umri wa kukaa kivulini na kuletewa uji, lakini alipanda hata bodaboda kwenda Ushirombo, ambako alisikia kuna mama mwenye mtoto aliyewahi kutibiwa Mwanza, na akarudi na vumbi mpaka kwenye kope, amefurahi. Nilimuuliza anawaambia nini. "Nawaambia kamba zao bado," alijibu. Sikuelewa vizuri, na kwa kuwa nilikuwa na sare za shule za kushona, sikuuliza zaidi.

Ilikuja siku ya kliniki, na mkubwa kutoka Dodoma akaja nayo. Binti yangu alikubali kwenda kwa sababu bibi yake alimwomba amshikie mkono njiani, na hakuna mtoto wa ukoo ule anayeweza kumkatalia bibi mkono. Mbuzi pia alikuja. Si yule wa kwanza, ambaye alishakufa kwa uzee, bali mjukuu wake, mwenye baka lilelile shavuni.

Tulipofika getini nilidhani tumekosea siku, tumeingia mnadani. Watoto walikuwa wamejaa mabenchi yote, wengine wamekuwa vijana wenye ndevu changa, wengine wasichana wenye watoto wao mgongoni. Na kila familia ilikuwa na mbuzi. Mbuzi weusi, wekundu, wenye madoa, wamefungwa kwenye nguzo za veranda, kwenye mguu wa tangi la maji, kwenye gari la wagonjwa. Maua aliyopanda matroni kwa ajili ya mgeni yalikuwa yameshaliwa mpaka mizizi. Mlinzi alikuwa amekaa chini ameshika kichwa. Mama mkwe alikuwa amewaambia watu kwamba serikali haijapata mbuzi wake, nao wakaelewa kwamba serikali inakuja leo kumchukua.

Daktari alitoka nje, akatazama ua mzima, akaziba mdomo kwa mkono. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kisha kweli akalia, akiwaita watoto wakubwa wale kwa majina ya utani aliyokuwa akiwaita wodini, na wao wakimwinamia wamsalimu. Yule mama wa sokoni alikuwepo, amemsimamisha mwanawe mwenye mabega mapana, na mbuzi wa pili. "Wa Mungu nilishatoa," aliniambia kabla sijamuuliza.

Kazi ilianza. Mashine ilipima moyo baada ya moyo. Moyo wa kijana wa karasha ulikutwa umechoka kuliko wa binti yangu, na hakuna aliyekuwa akijua, hata yeye. Alikuwa anadhani kila mtu huona giza akibeba mawe. Aliandikiwa dawa palepale, na akaambiwa kazi ile aiache kabla haijamwacha yeye. Mama yake alinishika mkono kwa nguvu. Moyo wa binti yangu ulionekana umetulia. Daktari alisema vidonge vinafanya kazi.

Mchana yule mkubwa akafika. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti, mwenyeji wa mikoa ya mbali na kwetu. Alipita akiwasalimia watoto, akiruka vinyesi vya mbuzi kwa adabu, mpaka akafika mbele ya mama mkwe, ambaye alikuwa mzee kuliko wote na kwa hiyo amewekwa mbele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye serikali?"

Mkubwa akatabasamu. "Tuseme nimetumwa nayo, mama."

Mama mkwe akamsogeza mbuzi. Tangu siku ile ya geti la Mwanza alikuwa akiniambia mara kwa mara, tukipepeta mahindi au tukimsubiri mume wangu atoke kazini, kwamba anataka kufa akiwa ameshasema wabeja kwa aliyemponya mjukuu wake. Mtu asiyeshukuru, alisema, hata kaburini halali vizuri. Akainua kamba.

Wakubwa wetu wamezoea kupewa mbuzi kwenye mikutano. Hushika kamba, hupiga picha, mzee hufurahi, dereva huondoka na mbuzi. Huyu naye, kwa heshima tu, asije akamdhalilisha bibi wa watu, akanyoosha mkono. Nikamtazama daktari. Alikuwa ameelewa kila kitu, lakini angemshikaje mkono bosi wake mbele za watu? Akina mama wote walikuwa wameshika kamba zao, wanatazama ule mkono. Kamba ya kwanza ikipokewa, zao pia zitapokewa, watasema wabeja, na hakuna hata mmoja atakayerudi hapa tena.

Mama mkwe akageuza shingo. Binti yangu alikuwa amesimama kwenye nguzo ya veranda, amekunja mkono, anabana kipande cha pamba mahali alipotolewa damu. Bibi yake akamtazama, akatazama mkono wa serikali uliokuwa mbele yake, ambao alikuwa ameusubiri miaka yote ile. Kisha akaivuta kamba kifuani kwake.

"Ngoja kwanza, baba," alisema. "Huyu hajamaliza kukua."

Mkono wa mkubwa ulibaki hewani. Nyuma yetu nikaona akina mama, mmoja baada ya mwingine, wakizungusha kamba zao kwenye viganja. Daktari akamsogelea mkubwa, akamweleza kwa sauti ya chini. Mkubwa alisikiliza, akatazama mbuzi wote wale na watoto wote wale, akaanza kucheka polepole, na mwishowe akaweka mikono nyuma ya mgongo, kama daktari alivyofanya zamani. "Mama zangu," alisema kwa sauti, "mimi sijapokea mbuzi wa mtu. Na mwakani nikija, sitapokea pia." Vigelegele vilivyopigwa viliwashtua hata wagonjwa wa wodi ya pili.

Kliniki ipo mpaka leo. Kijana wa karasha amehamia kwenye kibanda cha kuchaji simu, anasema hakujua kwamba mtu anaweza kufanya kazi bila kuona giza. Mbuzi huletwa kila mara na kurudishwa kila mara, na matroni ameacha kupanda maua, amepanda miti ya mwarobaini.

Lakini mimi hukumbuka zaidi njia ya kurudi siku ile. Mama mkwe alikuwa amechoka, tulikuwa tukitembea polepole kutoka barabarani kuelekea nyumbani, naye wabeja yake aliyoisubiri miaka yote alikuwa ameiacha pale uani. Nilitamani ningekuwa na maziwa mgando ya kumpa. Tulipokaribia mlango alimpa mjukuu wake kamba.

"Ishike wewe. Mimi sitaiona siku ya kuitoa. Utaitoa wewe, ukishakuwa bibi."

Binti yangu aliitazama ile kamba. Nilisubiri zile nyusi zake zijibu. Akaizungusha kwenye kiganja mara moja, mara mbili, vilevile kama bibi yake anavyofanya.

"Sasa siku ya kliniki mniamshe mapema," alisema, akamvuta mbuzi kwenda kumnywesha maji.